Huyo "RedOne" anayetajwa mwanzoni mwa Just Dance, wimbo wa Lady Gaga, ni nani?

Umeuliza kama hilo ni jina la studio au la Lady Gaga mwenyewe. Hapana, ni la prodyuza, na si Mmarekani. Jina lake ni Nadir Khayat, Mmoroko wa Tetouan, aliyezaliwa 1972. Akiwa na miaka 19 alihamia Sweden kutafuta muziki. Kwa nini Sweden? Mapenzi ya bendi za kule, basi. Alianza na gitaa na roki, kisha akageukia kutengenezea wengine nyimbo.

Umaarufu ulichelewa. Mwaka 2007 akahamia Marekani, akatoa Whine Up, wimbo wa mwimbaji Kat DeLuna, halafu akakutana na Gaga, binti ambaye lebo moja ya muziki ilikuwa imeshamtema. Wakaandika Just Dance pamoja na Akon (naye ana asili ya Senegal), ikatoka 2008. Zikafuata Poker Face, iliyopata Grammy mwaka 2010, na Bad Romance. Sikiliza sinthi zake (sauti za kinanda cha kielektroniki): nzito, za kukwaruza, na kiitikio ambacho hata mtoto anakishika mara moja. Kwangu mimi hiyo ni roki iliyovalishwa nguo za disko. On the Floor ya Jennifer Lopez ni yake pia.

Baadaye FIFA walimpa kazi ya muziki wa Kombe la Dunia 2022 Qatar. Ile Hayya Hayya aliyoimba Davido? Mkono wake huo. Na "hayya" yenyewe, neno la Kiarabu, ni kama "haya" yetu tu, twende!