Mafunjo nyuma ya ploti: yang'olewe au yaachwe?

Dada, unauliza kama uyang'oe mafunjo ya kijitoni hapo Kasarani kwa kuwa yanaleta mbu. Usiyang'oe. Kata bua moja ulitazame: lina pembe tatu, na ndani kuna nyama nyeupe laini kama sponji. Humo ndimo hewa hushukia hadi kwenye mizizi iliyozama topeni. Mizizi hiyo hushika udongo wa ukingo, na mmea hunyonya naitrojeni na fosforasi za maji machafu yanayoshuka kutoka mtaani (na sote tunajua ni machafu kiasi gani). Mvua za Aprili zikipiga, ukuta huo wa mabua hupunguza kasi ya maji. Ukiung'oa, ploti yako ndiyo italiwa.

Ukitaka kuyapunguza, kata kwa panga sehemu moja baada ya nyingine, ukiacha mashina yachipue, kisha toa mabua nje. Yakiozea majini, uchafu ule ule unarudi. Moto usiwashe, ndege hujenga humo.

Kuhusu mbu, anza na makopo, matairi na tangi lisilo na kifuniko.