Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi Gani Kinafaa Nyumba ya Pwani?

Habari za kazi. Chumba chetu cha kulala ni mita 3.5 kwa 4, juu kuna mabati na dari la jipsamu, na dirisha linatazama magharibi. Tunalala mimi, mume wangu na mtoto mmoja. Muuzaji ananishauri nichukue BTU 18,000 badala ya 12,000 ili chumba kipoe haraka. Nimsikilize?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Usimsikilize, dada. Chukua 12,000.

Hesabu yenyewe ni hii. BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza. Kwa joto la Pwani, anza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba chako kina mita za mraba 14, hiyo ni 8,400. Chini ya mabati ongeza asilimia 15 (1,260), na kwa dirisha linalopigwa na jua la jioni asilimia 10 (840). Watu wawili wamo tayari kwenye hesabu. Kila anayezidi ongeza 600. Jumla inafika 11,100. Saizi ya 9,000 ingehangaika usiku kucha, 12,000 inatosha na chenji inabaki.

Kinachotutesa huku si joto peke yake, ni joto na unyevu. Kiyoyozi huondoa unyevu pale hewa inapopita kwenye koili baridi na maji kudondoka kwenda kwenye bomba la nje. Kazi hiyo inataka muda. Mashine kubwa kupita kiasi hufikisha nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache, kompresa inazima, feni inaendelea kupuliza, na matone yaliyokuwa kwenye koili yanarudi chumbani kama mvuke. Mnalala kwenye baridi yenye unato, na baada ya miezi michache nguo kabatini zinaota ukungu. Halafu kompresa inayowaka na kuzima kila mara huchakaa mapema.

Pesa utakayookoa, nunua pamba ya kuzuia joto uitandaze juu ya jipsamu, na pazia zito la dirisha la magharibi. Kama madirisha ni ya vioo vya luva, yabadilishe kwanza au yazibe vizuri. Luva haifungi kabisa, na unyevu wa nje utaingia usiku kucha hata uwe na mashine ya namna gani.

Je, ni kweli kiyoyozi cha inveta kinapunguza matumizi ya LUKU, au ni maneno ya biashara tu? Bei yake imenishtua.
*Msomaji, Kigamboni*

Ni kweli, ila kwa chumba kinachotumika kila siku.

Cha kawaida cha BTU 12,000 hula karibu kilowati 1.1 kompresa inapokuwa imewaka, kisha huzima na kuwaka upya. Tuseme unakiwasha kwa muda wa saa 8 kila usiku na kompresa inafanya kazi asilimia 60 ya muda huo: ni uniti 5.3 kwa usiku, karibu 160 kwa mwezi. Inveta haizimi, hupunguza kasi chumba kikishapoa, kwa hiyo kwa matumizi yale yale kadiria uniti 3.5 kwa usiku, au 105 kwa mwezi. Uniti ya nyumbani Tanzania, kwenye daraja la T1, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, karibu 356 baada yake. Tofauti ya uniti 55 ni kama shilingi 19,500 kwa mwezi. Sasa chukua tofauti ya bei dukani ugawe kwa 19,500. Ikiwa ni laki mbili, imerudi ndani ya mwaka mmoja. Kwa sebule inayopozwa siku ya wageni tu, nunua cha kawaida.

Kama sasa uko daraja la D1, lile la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, ujue kiyoyozi chochote kitakutoa huko. Yaani hata feni na friji utavilipia kwa bei mpya. Wengi hulaumu mashine kumbe ni daraja limebadilika.

Usiamini neno “inveta” lililoandikwa kwenye boksi. Soma kibati cha taarifa ubavuni mwa mashine, gawanya BTU kwa wati inazokula. Ikitoka 11 au zaidi, ni nzuri. Ikitoka 9, iache hapo hapo. Na kwa kuwa bodi ya inveta huungua kirahisi umeme ukipanda na kushuka, weka kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha umeme angalau dakika 3 baada ya kurudi. Waya uwe wake peke yake kutoka kwenye mainswichi: milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 kwa 12,000, ukiwa na waya wa ethi. Kuchomeka kwenye soketi ya ukutani pamoja na pasi ndiko kunakoyeyusha plagi.

Nyumba yangu iko karibu na ufuo. Mashine ya nje imeoza kabla ya miaka mitatu. Ninunue aina gani?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Aina ni nusu tu ya jibu. Koili ya nje ni bomba la shaba lililozungukwa na fini (vibati vyembamba) za aluminiamu. Chumvi na unyevu vikikutana na madini mawili tofauti, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inakuwa unga mweupe. Tafuta fini zilizopakwa kinga, za rangi ya buluu au dhahabu, na uhakikishe ni za koili ya nje, si ya ndani tu.

Kisha angalia mahali. Kaskazi na Kusi zote zinakuletea upepo wa bahari, kwa hiyo ifunge upande wa bara, nyuma ya nyumba, ukiiwekea kivuli bila kuizibia hewa: sentimita 15 nyuma na 60 au zaidi mbele. Braketi na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kila mwezi zima umeme kwenye breka, mwagia koili maji baridi kwa mpira wa kawaida. Mashine ya kuoshea magari hulaza fini. Na tafadhali yasiwe maji ya kisima chenye chumvi, maana utakuwa unaongeza kile unachokiondoa.

Vipi zile feni za maji zinazouzwa kwa bei nafuu, zinaweza kuwa badala ya AC?
*Msomaji, Tanga*

Tanga, hapana. Zinapoza kwa kuvukiza maji, na hewa yenu imeshashiba maji. Mtapata nafuu ndogo na chumba chenye jasho. Kwa Dodoma wakati wa kiangazi, ukiacha dirisha wazi kidogo, zinafaa sana.

Fundi wangu anasema gesi ya AC lazima ijazwe kila mwaka. Ni sawa?
*Msomaji, Unguja*

Si sawa. Gesi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, haiishi kwa kutumika. Ikipungua kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye nati za kuungia mabomba. Povu la sabuni litaonyesha. Kujaza bila kuziba ni kulipa kila mwaka kwa tatizo lile lile.

Chanzo huwa ni siku ya kufunga. Fundi anayetoa hewa kwenye mabomba kwa kufyatua gesi kidogo anaacha unyevu ndani. Unyevu na oili vikichanganyika hutengeneza asidi inayoua kompresa. Dai pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) kwa dakika 20 au zaidi, kisha valvu ifungwe na geji iangaliwe dakika 10: mshale ukipanda, kuna tundu. Gesi ya R32 hupimwa kwa mzani, haikisiwi, na kwa kuwa inaweza kushika moto, pasichomelewe bomba ikiwa ndani. Mashine nyingi hutoka kiwandani na gesi ya kutosha mabomba ya mita 5; zaidi ya hapo kitabu chake kinaeleza gramu za kuongeza kwa kila mita.

Ukiuziwa kiyoyozi cha mtumba, soma kibati kwanza. Kama kimeandikwa gesi ya R22, hata kikiwa rahisi kiache: kwa Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, uagizaji wa gesi hiyo unapunguzwa hadi kukaribia sifuri mwaka 2030.