Je, Koleji ya Harvard Iko Chini ya Chuo Kikuu?

SWALI: Binti yangu alimaliza kidato cha nne, naye amepata nafasi Harvard College, Marekani. Majirani wanasema hiyo ni koleji tu, atarudi na diploma. Yeye anataka kuwa daktari. Je, tumekosea? – Mama, Kayole

JIBU: Hongera, mama, hamjakosea. Hapa kwetu ukisikia koleji unawaza ualimu au ufundi, ndiyo maana majirani wana wasiwasi. Harvard College ndiyo sehemu ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundisha shahada ya kwanza, tena ndiyo kongwe: ilianza 1636, shule ya udaktari ikafuata 1782 na ya sheria 1817. Atasoma miaka 4 na digrii yake itakuwa ya Harvard.

Penye kazi ni huo udaktari. Chuo Kikuu cha Nairobi humpokea mwanafunzi wa udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Harvard haina njia hiyo. Mwaka wa pili binti atachagua somo lake kuu, na si lazima liwe la sayansi, mradi asome biolojia, kemia na fizikia pamoja na kazi za maabara. Kisha atafanya MCAT, mtihani wa kuingia shule za udaktari, na kuomba upya shule ya udaktari, miaka 4 mingine. Kusoma Harvard College hakumhakikishii nafasi huko. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni, na msaada wa karo wa Harvard College, kama amepewa, utaishia kwenye shahada ya kwanza.

Msipime vyuo vyote kwa Harvard, hata hivyo. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina shule 4 za shahada ya kwanza, na mwombaji huchagua moja tangu mwanzo. Oxford, koleji ndiyo inayomchagua mwanafunzi na kumfundisha katika vikundi vidogo, ilhali mtihani na digrii ni vya chuo kikuu. Williams College haina chuo kikuu juu yake, na bado hutoa shahada. Ulizeni ni nani anayetoa digrii. Jina la mlangoni halitoshi. Hata Nairobi, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili 1970, ilikuwa koleji ambayo wanafunzi wake walipata digrii za London, kisha za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Kama ombi lake la KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo Kenya, bado lipo, msilifute kabla hajaamua kama miaka 8 anaiweza.