Namba tasa: maswali yenu, mengine kwa mara ya kumi

Mwalimu, ile namba iliyotangazwa Oktoba 2024 ndiyo tasa kubwa kuliko zote? (Tanga)

Hapana, na swali hili silijibu tena. Ni kubwa kuliko tasa nyingine zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, yaani tarakimu 41,024,320. Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Ila msidhani ukizidisha tasa za mwanzo na kuongeza 1 lazima upate tasa. 2×3×5×7×11×13+1 ni 30,031, nayo ni 59×509.

Na 1 je?

Si tasa. Ina kigawo kimoja tu. Tasa ina viwili.

Kipeo chenyewe ni tasa, kwa hiyo jibu lake lazima liwe tasa, sivyo? (Morogoro)

Sivyo. Kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwi tasa. Hilo ni kweli. Kinyume chake si kweli, na wengi hukigeuza bila kujaribu hata mfano mmoja. Chukua 11: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047. Hiyo ni 23×89. Mnaona uvivu hauhitaji namba kubwa ili uumbuke.

Hata Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye tasa za aina hii (2 kwa kipeo fulani, toa 1) zimepewa jina lake, aliteleza. Orodha yake ya 1644 iliweka vipeo 67 na 257, ambavyo havifai, ikaacha 61, 89 na 107, ambavyo vinafaa. Mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole alionyesha vigawo vya ile ya 67: 193,707,721 na 761,838,257,287. Zidisheni wenyewe, kwa mkono. Wanafunzi wanaokariri orodha ya tasa hadi 100 bila kujua kwa nini 91 haimo ndio hao hao wananiandikia kuhusu tarakimu milioni 41.

Nani aliigawa ile kubwa ya 2024 kwa namba zote ili kujua ni tasa?

Hakuna. Luke Durant wa Marekani, katika GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kusaka tasa za Mersenne kwa kompyuta, alitumia kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17, kisha ikathibitishwa kwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki, rudia. Kwa kipeo p, hatua ni p toa 2. Ya mwisho ikiwa 0, ni tasa.

Jaribu 31, yenye kipeo 5: 4, halafu 14, halafu 194 inayobakiza 8, halafu 62 inayobakiza 0. Hatua tatu, basi. Kwa ile kubwa ni hatua zaidi ya milioni 136, kila moja ikizidisha namba ya mamilioni ya tarakimu. Usijaribu kwa simu.

Naweza kuitumia kufungia siri zangu?

Siri gani inayojulikana dunia nzima? Ufunguo wa RSA, njia ya kufunga siri kwenye kompyuta, wa biti 2,048 hutumia tasa mbili za tarakimu 309 hivi, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kufichwa. Atakayekuuzia sarafu ya kidijitali kwa jina la namba hii, mkatie simu.

Inaishia na tarakimu gani?

1. Kipeo ukikigawa kwa 4 hubaki 1, hivyo 2 kwa kipeo hicho huishia na 2, toa 1. Aliyeniandikia kwamba inaishia na 5 arudi kwanza kwenye jedwali la tano.