Kodi ya miezi sita: ikipigwa marufuku tutapumua?

Mkuu, umeuliza kama serikali ikikataza kodi ya miezi sita mbele, sisi wapangaji wa Dar tutapumua. Kidogo, na ni pale pa kuingilia tu. Piga hesabu: chumba na sebule cha laki na nusu, miezi sita ni 900,000, weka na mwezi mmoja wa dalali, inafika 1,050,000 hujanunua hata pazia. Mshahara gani huo?

Ila mwenye nyumba wangu wa Tabata alipopokea hela yangu, wiki hiyohiyo lori lilimwaga mchanga uani, saruji ikaja, akapandisha vyumba viwili. Kodi yetu ndiyo mkopo wake, maana benki hawana habari naye. Ukiikata bila kumpa njia nyingine, hajengi tena, na vyumba vilivyopo vinapanda bei.

Sheria ya kudhibiti kodi tulikuwa nayo, ya 1984, ikafutwa 2005. Mimi ningeanza na viwanja vilivyopimwa na usafiri wa uhakika huko Chanika, pembezoni mwa jiji, ndipo tumbane dalali. Huyo sina huruma naye: alinionyesha vyumba vitatu, kila kimoja elfu kumi ya kuonyeshwa, na kimoja kilikuwa na mtu ndani anapika ugali.