Mzaha wa mwili kundini: mistari miwili inatosha

Msomaji wa Nakuru ameniandikia wiki hii. Kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, mtu ameweka picha mbili za mwenzao, ya enzi za shule na ya sasa, bega kwa bega, na chini yake: "Iliondoka Vitz, imerudi lori la miwa." Emoji za kucheka zikamiminika. Dada mwenyewe yumo kundini, kimya. Msomaji wangu akaandika aya nne za hasira, akaambiwa ana machungu, akatoka. Anauliza alikosea wapi.

Alikosea kwenye urefu, na alikosea kwa kuinukuu ile picha. Anayesoma akiwa ndani ya matatu haoni aya nne. Anaona mistari ya juu tu, na hoja yako iko chini kabisa. Kuhusu kunukuu: ukiburuta ujumbe wa picha ili uujibu, picha ndogo inatokea tena juu ya jibu lako. Ukijibu mara tano, umeionyesha mara tano. Mtaje aliyeiweka kwa alama ya @ na uiache picha izame chini ya ujumbe mwingine. Facebook ni hivyo hivyo. Tangu 2018 inapendelea posti zinazozua mazungumzo, kwa hiyo maoni yako ya kulaani ni kuni kwenye moto wa mwenye posti.

Kabla ya kuandika chochote kundini, nenda kwa aliyechekwa, inbox. "Nimeona. Unataka niseme kitu au ninyamaze?" Hatua hii watu wengi huiruka, na hapo ndipo utetezi hugeuka kuwa adha ya pili. Akisema unyamaze, nyamaza, na umwandikie admini pembeni. Huenda alikuwa ameamua kupuuza, halafu wewe ukafanya mwili wake uwe ajenda ya kundi mpaka usiku wa manane.

Akikuruhusu, andika mistari miwili. Wa kwanza unasema kilichofanyika bila kurudia mzaha. Wa pili unauliza.

"Kaka, picha ya mwenzetu imewekwa hapa bila yeye kuulizwa. Hebu nieleze, kichekesho kiko wapi?"

Kisha weka simu chini, ukapike ugali. Swali hili lina nguvu kwa sababu mzaha wa aina hii hausemi jambo lenyewe. Unamwachia msomaji alimalizie kichwani. Ukimwomba mtu aueleze, itabidi aandike wazi, "Amenenepa." Hapo hakuna cha kuchekesha tena, na yeye anajua. Lakini swali huharibika ukiliuliza kwa kejeli. Alama moja ya kuuliza, si nne. Usiweke emoji, wala usiseme "wewe na hicho kichwa chako". Ukimrushia kichwa chake umekubali kwamba miili ni halali kurushiana, na mnachobishania sasa ni shabaha tu.

Kumbuka pia kwamba humwandikii yeye. Unawaandikia wale wasioandika kamwe, wanaosoma tu, na baadhi yao ni wanene, wembamba, wafupi, wana chunusi, wanangoja kuona kama zamu yao ikifika atakuwepo wa kusema neno.

Jibu litakalorudi karibu kila mara ni "Ni utani tu, mbona unakasirika?" Usijitetee kwamba hujakasirika. Utani kwetu una kanuni. Bibi humwita mjukuu wake "bwanangu", mjukuu akamjibu kwamba hataki mke asiye na meno, na wote wawili wanacheka kwa sababu kila mmoja ana leseni. Kwenye pakruok, desturi ya Wajaluo ya kujisifu ngomani, mtu humsimamisha mpiga nyatiti, ala yao ya nyuzi, akatoa pesa, akajitapa mwenyewe au akamsifu rafiki yake. Utani huwa na watani wawili. Kwa hiyo andika hivi: "Utani ni wa watu wawili. Yeye hajatania." Maneno saba yanatosha.

Pingamizi la pili ni la afya: "Tunamjali tu, unene ni ugonjwa." Hapa watetezi wengi huteleza. Wataanza kusema labda ni tezi, labda ni sindano ya kupanga uzazi, labda amejifungua juzi. Ni kweli kwamba hayo yote yanaweza kubadilisha uzito, lakini umemfungulia faili la hospitali mbele ya kundi zima. Usimtetee kwa kumpima. Kama mtu ataleta vipimo, mwambie kipimo cha BMI ni kilo ukigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ambapo 25 huhesabiwa uzito uliozidi na 30 unene wa kupindukia. Msingi wake uliwekwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, akichunguza umma, si mtu mmojammoja. Hakitofautishi msuli na mafuta. Na picha haina kilo wala mita.

"Lakini ni mrembo bado" nayo haisaidii. Bado tunajadili mwili wake.

La tatu: "Wanaume pia huchekwa." Kubali mara moja, maana ni kweli. Mwanamume mfupi huchekwa, asiye na ndevu huchekwa, na akina dada wengine ndio huongoza kicheko. Kama wewe ni mmoja wao, huna mdomo wa kumsahihisha mtu. Ila tazama kitambi. Cha mwanamume tunakiita cha pesa, tunakigonga kwa upendo. Cha mwanamke tunauliza ni mimba ya nani. Ukilitaja hilo kundini, litaje mara moja, bila hotuba.

Njia inayoshinda zote, ingawa haina sifa, ni kumwendea mwenye mzaha faraghani mapema. WhatsApp humpa mtu kama siku mbili na nusu za kufuta ujumbe wake kwa wote. Baada ya hapo hawezi. "Kaka, bado unaweza kuifuta. Ukiifuta sitasema lolote kundini." Pasipo na watazamaji, hana wa kujionyeshea. Asipokubali, admini anaweza kuufuta ujumbe wa mwanakikundi yeyote.

Mahakama usiitaje kwa mzaha wa kitambi, utachekwa wewe. Picha ya utupu ni jambo jingine kabisa: kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandao ya 2018 kinataja faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Hiyo usiisambaze hata kwa kuilaani. Andika namba ya aliyeituma, tarehe na saa, na uitunze simu yenyewe.

Sasa msomaji wangu wa Nakuru. Mwandikie yule dada leo, mistari miwili tu. Admini akikurudisha kundini, salimia watu kama kawaida, na usilete picha ile tena.