Baiskeli bila milima Uingereza: nendeni Fens, na mpange safari kwa upepo

Mkuu mleta uzi, umeuliza wewe na shemeji mwende wapi na baiskeli mkitokea London: pasiwe na milima, mtembee taratibu, mlale njiani usiku mmoja na kurudi kesho yake. Wengi humu wamekutajia Cotswolds na Wales. Ni kuzuri kweli, lakini Cotswolds ni kupanda na kushuka kutwa, na mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu sekondari atakuwa anaisukuma kabla ya saa sita mchana. Mimi naishi Peterborough, na nikipata Jumamosi bila zamu kazini naingia barabarani. Jibu langu ni moja: nendeni Fens.

Fens ni nchi tambarare inayoanzia kaskazini mwa Cambridge, inapita Ely na Peterborough na kupanda hadi Lincolnshire. Zamani ilikuwa kinamasi. Katika karne ya 17 Earl wa Bedford, bwana mkubwa mwenye ardhi, na wenzake waliotia mtaji walimtumia mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, kuikausha, na mifereji miwili mikubwa aliyochimbisha bado ipo, inaenda sambamba na imenyooka zaidi ya kilomita 30. Ardhi ilipokauka ikaanza kushuka, kwa sababu udongo wake mweusi ni mabaki ya majani na miti yaliyolala majini maelfu ya miaka; yakipata hewa yananywea na kuoza. Pale Holme Fen, si mbali na kwangu, nguzo ilizikwa mwaka 1851 mpaka kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo imetokeza kama mita 4. Pale ndipo mahali pa chini kuliko pote Uingereza, mita 2.75 chini ya usawa wa bahari.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo yanayoifanya safari iwe ya aina yake. Mashamba yameshuka, mito imebaki juu ndani ya kuta zake za udongo. Unakanyaga barabarani, ubavuni mwako kuna ukuta wa nyasi unaokuzidi kimo, na juu yake unaona kofia ya mtu na kichwa cha mbwa vikipita polepole. Unasimama, unapanda ukuta kuchungulia, ni boti. Mto uko juu ya kichwa chako, na maji ya mashambani lazima yapandishwe kwa pampu ndipo yaingie mtoni. Kwenye kingo za mashamba utaona magogo meusi yamelazwa: ni miti iliyozikwa humo tangu kale, trekta likilima linagonga gogo, mkulima analitoa. Mimi husimama kila nikiyaona. Kuligusa gogo la namna hiyo ni jambo ambalo sijalizoea.

Sasa upepo. Tafadhali zingatia hapa kuliko pengine pote. Nchi haina milima, miti ni michache, na mashamba mengi yametenganishwa na mitaro badala ya ua wa miti, kwa hiyo upepo haukutani na kitu mpaka ukukute wewe. Kilomita 15 za kukabiliana nao zinachosha kuliko mlima, kwa sababu mlima una kilele na mteremko, upepo hauna. Upepo wa kawaida wa Uingereza hutoka kusini-magharibi. Na kwa bahati njema reli ya kutoka London hadi Cambridge, Ely na King's Lynn inaelekea kaskazini na mashariki. Maana yake: shukeni Cambridge, kanyageni kuelekea Ely upepo ukiwa mgongoni, rudini kwa treni. Angalieni utabiri usiku wa kuamkia safari. Ukikuta umegeuka na unatoka kaskazini-mashariki, jambo linalotokea sana majira ya kuchipua, geuzeni safari: treni kwanza mpaka mwisho, kisha mrudi mkisukumwa. Watu wengi hupanga kwa kilomita tu, ndiyo maana wanafika hoi na kusema nchi tambarare inachosha.

Siku ya kwanza ningewapeleka hivi. Kutoka stesheni ya Cambridge fuateni njia namba 51 ya mtandao wa kitaifa wa baiskeli (vibao vya buluu, namba nyeupe kwenye kisanduku chekundu) hadi Bottisham. Hapo mnaingia Lodes Way, njia inayokatiza mashambani mpaka Wicken Fen. "Lode" ni mifereji ya kale ya boti. Ule wa Reach unaaminika ni wa tangu enzi za Warumi. Daraja la Burwell Lode mimi nimelivuka kwa ngazi nikisukuma baiskeli, kwa hiyo msipakie mizigo mizito. Wicken Fen ni kipande cha kinamasi ambacho hakikukaushwa. National Trust, shirika la hisani linalotunza maeneo ya asili na ya kihistoria, limekuwa likikilinda tangu 1899. Kuna farasi wadogo wa Konik wanaoachwa wajilishe wenyewe, kuna pampu ya upepo ya mbao, na kuna mkahawa. Kaeni saa mbili. Msikimbilie Ely, Ely haihami.

Baada ya Wicken mnashika njia namba 11 kupitia Barway. Kanisa kuu la Ely mtaliona muda mrefu kabla ya kulifikia; wenyeji huliita meli ya Fens, na kwa kweli linaelea juu ya mashamba. Mnara wake wa katikati ulianguka mwaka 1322, na badala ya kuujenga upya wakaziba pengo kwa mnara wa pembe nane wenye kijumba cha mbao juu, chenye madirisha ya kuingiza mwanga. Ingieni msimame katikati, mtazame juu. Siku nzima ni kama kilomita 40, na kwa mwendo wa kupiga soga inatosha. Laleni Ely.

Siku ya pili mnaendelea na namba 11 hadi Littleport, kisha mnafuata mto Great Ouse hadi Denver, palipo na malango makubwa ya kuzuia maji ya bahari yanayopanda mtoni, halafu Downham Market. Uzuri wa kipande hiki ni kwamba reli haiendi mbali nanyi: kuna stesheni Littleport, Downham Market, Watlington na King's Lynn. Shemeji akichoka mnaingia treni hapohapo, bila lawama kwa mtu. Mkiwa na nguvu malizieni King's Lynn.

Kuhusu treni: saa za msongamano asubuhi na jioni baiskeli zisizokunjwa hazikubaliwi kwenye treni za London, wikendi ni nafuu. Lakini Jumapili nyingi kuna matengenezo ya reli na treni inabadilishwa na basi, na mabasi hayo kwa kawaida hayachukui baiskeli. Hakikisheni kabla ya kukata tiketi.

Barabara ndogo za Fens zina mawimbi, maana ardhi iliyo chini yake inazama bila usawa. Pakiti iliyofungwa vibaya kwenye keria itaruka. Tairi nene kidogo zinafaa kuliko zile nyembamba za mashindano. Barabara zikinyooka hivyo magari hukimbia mno, na pembeni kuna mtaro wenye maji, kwa hiyo msiguse barabara kuu hata kama ramani ya simu inasema ni fupi. Bebeni tyubu ya akiba, pampu, na maji ya kutosha: kati ya kijiji na kijiji mnaweza kukosa hata duka moja. Nawashauri pia mnunue ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (idara ya taifa ya ramani), toleo la Landranger namba 154 na 143.

Majira bora ni Mei hadi mwanzo wa Septemba. Vuli ikiingia huanza mavuno ya viazisukari, malori yanaacha matope barabarani na yakilowa yanateleza vibaya. Majira ya baridi bonde lililo kati ya mifereji ile miwili ya Bedford huachwa lifurike makusudi, na barabara ya kijiji cha Welney hufungwa mara kwa mara. Hata hivyo mkipata siku kavu ya Januari, nendeni Welney kwa gari mkaone mabata-maji wakubwa weupe waliotoka Iceland na Urusi. Wanatua jioni kwa mamia, na kelele zao utazisikia kabla hujawaona.

Mkipenda, safari ya pili iwe Lincoln hadi Boston (Boston ya Lincolnshire, si ile ya Marekani) kwa njia ya baiskeli iitwayo Water Rail Way. Ni kama kilomita 53 kando ya mto Witham, sehemu kubwa juu ya tuta la reli iliyokufa, hakuna magari karibu njia nzima. Pale Southrey jukwaa la stesheni ya zamani bado lipo. Mnakaa mnakunywa chai yenu. Boston ina kanisa lenye mnara wa zaidi ya mita 80, na mkimaliza mnarudi Lincoln kwa treni mkibadilisha Sleaford.

Niambie mnakaa upande gani wa London na mnapata mapumziko siku zipi, nikuambie treni ipi ya kuanzia na wapi pa kula pale Ely.